Sentimita Arobaini na Tano za Pamba

Jumatatu, saa mbili kasoro robo asubuhi, mkadiriaji alipofika kazini alimkuta nyota ameshakaa kwenye benchi la masjala, wa tatu kwenye foleni. Mbele yake kulikuwa na mzee mmoja mwenye bahasha iliyochakaa na mwanamke anayeuza sabuni ya maji kwa vidumu. Nyota alishika kikaratasi cha namba kama wenzake, ila chake kilikuwa kimeanza kujikunja na kuwa kahawia pembeni kwa joto la vidole.

Alikuwa na umbo la mwanamke mzima, si mnene si mwembamba, mweupe wa kuelekea manjano kama siagi. Alikuwa amekuja na umbali wake, kwa hiyo hata mtu aliyekaa naye bega kwa bega alimwona yuko ng'ambo ya uwanja mkubwa. Muuza sabuni alikuwa ametandika leso yake mbichi kwenye mgongo wa benchi ili ikauke. Karani wa masjala alikuwa amesogeza kikombe chake cha chai kwenye ukingo wa dirisha, upande ule wa nyota, kisipoe.

"Dada, mgeni wako huyu," karani akasema. "Amekuja kuhusu upana wake. Nimemwambia bibi asubiri."

"Mimi si bibi," nyota akasema.

"Orodha inasema wewe ni bibi."

"Ndiyo sababu nimekuja."

Kazi ya ofisi ile ilikuwa kukadiria upana wa nyota. Upana wenyewe hauonekani. Nyota yoyote, hata iwe kubwa kiasi gani, ndani ya darubini yao ilikuwa nukta tu. Lakini nukta ina mambo mawili ambayo haiwezi kuyaficha: inang'aa kiasi gani, na ina rangi gani. Rangi husema joto. Chuma kikipashwa hadi kikawa cheupe, hata kiwe kichwa cha msumari, kitamulika ukuta; makaa mekundu yanayofifia hayafiki huko mpaka yajae karai zima. Kwa hiyo ukiona nuru mbili zimelingana nguvu, moja ya buluu na nyingine nyekundu, ujue ile nyekundu ndiyo pana. Mkadiriaji alichukua mng'ao, akachukua rangi, akapitisha kidole kwenye jedwali, akaandika jibu. Jibu lilikuwa dogo mno. Walikata digrii kuwa dakika, dakika kuwa sekunde, na sekunde wakaikata vipande elfu. Nyota iliyopata vipande vitano ilihesabiwa jitu. Kipande kimoja ni sawa na sarafu uliyoisimamisha mahali, ukaiacha, ukatembea kwa miguu miezi mitatu na ushei, kisha ukageuka kuitazama. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa na hajakosea hesabu hata moja. Hesabu hazikuwa na tatizo, tatizo lilikuwa kioo.

Mkurugenzi alikuwa mvuta kiko. Nyumbani mkewe alikataa, ofisini watu walikohoa, basi akawa anakivutia ndani ya kuba ya darubini, kwenye kiti cha kutazamia, miguu juu, macho yamefumbwa. Moshi ulitambaa ndani ya darubini ukafika kwenye kioo kikuu, ukatua, ukaganda. Mwaka baada ya mwaka ukawa utando wa manjano unaonata, wenye harufu ya jino bovu. Utando ule ulizuia buluu na kuiacha nyekundu ipite. Taa ndogo ya kulinganishia rangi ilikaa pembeni na mwanga wake haukupita kwenye kioo, kwa hiyo taa ilibaki safi huku mbingu nzima ikigeuka rangi ya usaha. Mng'ao ulipungua kidogo tu. Rangi ndiyo iliyokwenda mrama. Nyota zote zikaonekana nyekundu kuliko zilivyo, na kwenye jedwali kilicho chekundu ni kipana. Orodha Kuu ya Mkurugenzi ilikuwa na nyota elfu moja mia tisa na kumi na mbili, zote zimenenepeshwa kwa moshi uliotoka kinywani mwa mtu mmoja. Inatia kichefuchefu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa, na watu walioijua Orodha hiyo waliisifu.

Wa kwanza kulisema alikuwa mfuta kioo. Huyo alikuwa baba yake mkadiriaji.

Wafuta kioo walikuwa na desturi yao. Kila Jumamosi asubuhi mfuta kioo alipangusa ukingo mmoja wa kioo kwa bonge la pamba la ukubwa wa ngumi. Pamba ile haikutupwa. Aliitia kwenye bahasha, akaandika tarehe na rangi aliyoiona, akaikabidhi masjala, ili kioo kiwe na historia kama mgonjwa wa hospitali. Kukiosha kioo chote kulihitaji kibali cha Mkurugenzi, na kibali hakikutoka. Kwa miaka minne mzee yule aliandika kwa herufi zake zenye ncha: njano, njano, njano iliyoiva, kahawia. Bahasha mia mbili na nane. Mwishowe akaandika barua fupi ya adabu, akiomba kiko kihamie nje. Alifukuzwa wiki ile ile. Kwenye jalada lake waliandika mstari mmoja: *Aliharibu kioo kwa kukisugua.* Ikatoka na amri kwamba kioo kisiguswe tena na mtu yeyote.

Baba hakuishi sana baada ya hapo. Mkewe aliichukua picha yake ya ukutani akaigeuza, uso ukaelekea ukuta. "Sitamtazama machoni wakati wamemwandika hivyo," alisema. "Nitaigeuza siku watakapoandika kweli." Picha ilikuwa imetazama ukuta miaka tisa sasa. Jicho la mama la kushoto lilikuwa limeshakwenda, na la kulia daktari alisema limebakiza miezi michache. Kila jioni mkadiriaji alipoingia nyumbani, mama aliuliza swali lile lile: "Wameandika?" Na mkadiriaji, ambaye kila Januari alipeleka masjala maombi kuhusu jalada la baba na kila Januari akaambiwa yanashughulikiwa, alijibu bado. Alikuwa ameziomba pia zile bahasha za pamba, mara tatu. Zote tatu aliambiwa hazionekani. Wenzake walimshangaa kwa nini haachi kazi mahali kama pale. Yeye alibaki kwa sababu jalada lilibaki.

Foleni ilipomfikia nyota, mkadiriaji alimtolea taa ndogo ya kuba, akaiweka karibu naye pale pale kwenye benchi, akalinganisha rangi kwa macho yake bila kioo. Kisha akapitisha kidole kwenye jedwali.

"Vipande vitatu," akasema.

"Mmeandika vinne na nusu," nyota akasema. "Majirani zangu wamesoma. Nyota nyekundu yenye upana huo ni mzee anayekata roho, kila mtu anajua. Wameanza kuniaga, dada. Mmoja amenipa salamu nimpelekee mama yake huko mbele."

"Pole."

"Na mimi hata ujana sijaumaliza." Akainuka ili apimwe kiunoni. "Kipande kimoja nimekifanya sentimita thelathini, ili nipite mlangoni. Hakikisha mwenyewe."

Mkadiriaji alimzungushia utepe. Ulisoma sentimita tisini kamili, na ulitoka na joto kidogo kama nguo iliyopigwa pasi. Akajaza fomu ya masahihisho, nakala mbili, akaenda kwa Mkurugenzi.

Chumba cha Mkurugenzi kilinata. Mikono ya viti ilinata, kitasa kilinata, na mapazia yalikuwa na kola nyeusi kama shingo ya shati lisilofuliwa. Mezani palikuwa na kopo la maziwa alilotemea, na mkadiriaji alikuwa amejifunza zamani kutolitazama. Mkurugenzi alikuwa akifungua Orodha. Alilamba dole gumba, akafunua ukurasa, akalamba, akafunua. Kila ukurasa ulikuwa na doa lake pembeni, kahawia katikati, lenye unyevu kuzunguka.

"Karibu, mama. Kaa."

Mkadiriaji hakukaa. "Mzee, nyota namba mia nane na sita yuko nje. Amekuja kuhusu upana wake."

"Nimesikia. Amepewa chai?"

"Hanywi."

"Mpeni hata maji. Tusionekane hatuna ustaarabu."

"Tumemwandika vinne na nusu. Nimempima. Ni vitatu."

"Umempima na kioo?"

"Bila kioo. Yupo hapo kwenye benchi, mzee."

Hapo Mkurugenzi alikunja uso. Nyota kukaa kwenye benchi hakukumsumbua. Alichokichukia ni utaratibu kuvunjwa. "Nyota hupimwa kwa kioo," akasema. "Tukianza kumpima kila anayekuja kwa miguu, kesho watajaa humu ndani."

"Kioo kina utando."

"Kioo kiliharibiwa na baba yako, Mungu amrehemu. Sisi tumevumilia tu." Aligonga kiko kwenye ukingo wa kopo. Kitu kilidondoka humo ndani kwa sauti nzito. "Alhamisi wanakuja wageni kunikabidhi ngao ya Orodha hii. Unataka niwaambie nini? Ikiwa mmoja si sahihi, wengine elfu moja mia tisa na kumi na moja watakaa kimya? Tuwe watu wazima. Orodha na nyota vikitofautiana, kimoja kirekebishwe. Orodha imeshachapwa. Nyota hajachapwa."

Akapiga simu kwa shemeji yake, ambaye alikuwa fundi cherehani, yule yule aliyeshona mapazia ya kuba yasiyofunga hadi leo.

Fundi alikuja mchana na utepe shingoni na pini midomoni. Alimpima nyota kiunoni, akapata tisini, akaulizia anatakiwa awe ngapi, akaambiwa mia moja thelathini na tano. Akapiga hesabu kwenye kiganja. "Zinapungua arobaini na tano. Tutamvalisha gauni la kujaza pamba, kama godoro." Nyota aliuliza kama ni kwa siku moja. Mkurugenzi alimwambia ni kwa siku moja tu, wageni wakiondoka atavua, na lile suala lake litaendelea kushughulikiwa. Nyota alikubali. Alisema kwao jibu la haraka huchukua miaka mia moja na arobaini, hivyo siku moja si kitu.

"Pamba ipo?" fundi akauliza.

"Ipo," karani wa masjala akasema, akifurahi kwamba kwa mara moja kitu kilichoombwa kilikuwepo. "Kuna magunia mawili stoo, chini ya majalada yaliyoliwa na mchwa. Sijui ni ya nini. Yako hapo toka nianze kazi."

Jumanne na Jumatano cherehani ililia kwenye chumba cha mwisho wa korido. Mkadiriaji alifanya kazi zake. Alikadiria nyota kumi na saba, zote nyekundu, zote pana, na kila alipoandika alihisi kama anaandika kwenye karatasi iliyofungiwa samaki. Alimuuliza karani kama haoni aibu. Karani alipuliza chai yake.

"Dada, mimi nina watoto wanne. Funika kombe mwanaharamu apite."

Alhamisi saa nne asubuhi alipewa utepe na fomu akaitwa ukumbini. Kanuni ilitaka kipimo kisainiwe na mkadiriaji mwenyewe mbele ya wageni. Viti vilikuwa vimepangwa, ngao ilikuwa mezani chini ya kitambaa, na nyota alikuwa amesimama katikati ya ukumbi ndani ya gauni jekundu lililovimba, mikono imetengana na mwili kwa unene wa makwapa. Nuru yake sasa ilipita kwanza kwenye pamba, na ilitoka nyekundu iliyochoka. Kwa rangi na kwa upana alikuwa vile vile alivyoandikwa.

Mkadiriaji alipomkaribia, alipigwa na harufu. Harufu ile aliijua kabla hajakumbuka ni ya nini. Ilikuwa harufu ya koti la baba yake siku za Jumamosi, koti ambalo mama alilitundika nje kwenye kamba na kukataa liingie ndani, wakati baba akicheka na kusema hiyo ndiyo harufu ya mbinguni siku hizi. Ilikuwa harufu ya jino bovu. Chini ya kwapa la nyota mshono ulikuwa umeachia kidogo, na kwenye uwazi ule ilichungulia pembe ya bahasha. Fundi hakuwa hata amejipa taabu ya kuzitoa pamba kwenye bahasha zake. Herufi zilikuwa na ncha. *Njano iliyoiva.*

"Ni zako hizi, dada?" nyota akauliza kwa sauti ya chini.

"Za baba."

"Zipo mia mbili na nane. Nimekaa nazo usiku kucha, nimezihesabu. Zinawasha." Akainua mkono kidogo zaidi. "Fundi ameshona kwa uzi mmoja tu kutoka juu hadi chini. Ukiuvuta huu, zote zitamwagika."

Ncha ya uzi ilining'inia pale. Mkadiriaji aliishika. Nje milango ya magari ilikuwa ikifungwa, na sauti za watu walioshiba zilikuwa zikipanda ngazi.

Mkurugenzi alimjia kwa nyuma, akainama sikioni mwake. Pumzi yake ilitangulia maneno.

"Mama yako jicho linaendeleaje?"

Mkadiriaji alishangaa tu kwamba anajua.

"Mimi si mtu mbaya," Mkurugenzi akasema. "Lile jalada la mzee limekaa sana. Saini kipimo hiki, nami leo hii hii nasaini maombi yako. Yatakubaliwa. Neno la mtu mzima."

Akamshika bega, akaliachia, na mahali alipogusa palibaki na unyevu.

Mkadiriaji alisimama na ule uzi mkononi akafikiri, na hakufikiri mambo makubwa. Alifikiri kwamba akivuta, pamba zitatapakaa sakafuni mbele ya wageni, na wageni watauliza. Mkurugenzi atasema ni takataka za stoo. Itaundwa tume. Tume itakaa, itaahirishwa, itakaa, na mwakani au mwaka wa kufuata itatoa neno. Baba angengoja, alikuwa na muda wote. Jicho la mama halikuwa na muda. Alimwona mama akisimama mbele ya picha iliyogeuzwa na kutazama uso wa mumewe kwa jicho moja lililobaki, na akaona kwamba hicho ndicho kitu pekee alichokitaka duniani, na kilikuwa mezani, chini ya kalamu.

Aliachia uzi. Ile pembe ya bahasha ilikuwa bado inachungulia, na wageni wangeiona, kwa hiyo aliisukuma ndani kwa dole gumba lake mwenyewe hadi herufi za baba yake zikapotea. Pamba ilikuwa laini na yenye unyevu kidogo, miaka yote ile. Kisha akazungusha utepe.

Sentimita mia moja thelathini na tano kamili. Akaandika hivyo. Kilichomchafua roho ni kwamba hakuandika uongo. Utepe ulisema kweli hadi alama ya mwisho. Akatia saini nakala zote mbili.

Nyota alishusha mkono. Hakusema neno, na mkadiriaji alimshukuru na kumchukia kwa hilo.

Wageni waliingia, wakamzunguka nyota, wakalinganisha na Orodha, wakapiga makofi. Mmoja aliuliza ana umri gani, na Mkurugenzi akajibu kwa niaba yake kwamba ni mkongwe sana na tuna bahati kumpata kabla hajatutoka. Ngao ilifunuliwa. Mkurugenzi aliipokea kwa mikono miwili, akaibusu, na kwenye shaba ile mpya pakabaki alama ya midomo, ya manjano. Wageni waliomba nyota abaki ofisini, kwani ni mara chache mtu kuona hesabu imetoka sawa kiasi kile. Ikakubaliwa. Kwenye nafasi yake angani mtunza ramani alichora duara tupu akaandika pembeni: *yupo ofisini.*

Jalada lilirudi Jumatatu. Mkurugenzi alitimiza ahadi, hakuna wa kumlaumu. Karani alilikabidhi kwa mikono miwili akampongeza, na mkadiriaji akalitia kwenye mkoba bila kulifungua, akalifungulia njiani, amesimama nje ya duka la viatu. Chini ya ule mstari wa zamani palikuwa na mstari mpya, muhuri, saini, na doa la dole gumba.

*Maombi yamekubaliwa. Kosa la kuharibu kioo limesamehewa, kwa kuzingatia utumishi mwema wa bintiye.*

Aliusoma mara tatu, kwa sababu alikuwa mtu wa kuhakiki. Mstari wa zamani haukuwa umekatwa. Ulikuwa umepigiwa mstari chini, kwa rula, ili ieleweke ni kosa lipi lililosamehewa.

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango. "Wameandika?" akauliza.

"Wameandika."

Mama akavuta kanga yake vizuri mabegani, kama mtu aliyeambiwa wageni wamefika. "Nisomee."

Mkadiriaji alifungua jalada. Jicho la mama halikuweza tena kusoma maandishi madogo, na wote wawili walijua. "Wameandika hivi," akasema. "Hakuharibu kioo. Kioo kilichafuliwa na moshi. Alisema kweli."

"Soma tena."

Akasoma tena, maneno yale yale ambayo hayakuwepo. Safari ya pili yalitoka kwa urahisi zaidi.

"Nishike mkono," mama akasema. "Nikamgeuze mume wangu."

Walivuka chumba polepole. Mama alimshika binti yake kiganja, akakaza, akakiinua ili ashike vizuri, na kiganja kikapita karibu na uso wake. Akasimama. Picha ilikuwa hatua moja mbele yao, mgongo wake wa mbao wenye msumari na utando wa buibui.

Mama alinusa vidole vya binti yake, kimoja baada ya kingine, kama anavyonusa mtu nyama anayoitilia shaka.

"Mikono yako inanuka kiko," akasema.

Mkadiriaji aliuvuta mkono, lakini mama aliukaza.

"Sasa nisomee walichoandika."

Akasoma, hapo hapo waliposimama. Alilisoma neno *limesamehewa* na neno *bintiye*, hakuruka kitu. Mama alisikiliza hadi tarehe na saini. Kisha akauachia mkono wake, akapapasa hewani mpaka akakipata kiti, akakaa.

"Mwache atazame ukuta," akasema. "Ukuta haujamtukana."

Jioni ile mkadiriaji alinawa kwa sabuni, akanawa kwa limau, akanawa kwa majivu, akasugua kwa jiwe la miguu mpaka ngozi ikachubuka. Harufu ilibaki palepale ilipokuwa. Alikula kwa kijiko.

Kesho yake alifika kazini saa mbili kasoro robo. Nyota alikuwa kwenye benchi la masjala ndani ya gauni lake, akichukua nafasi ya watu wawili. Hakushika kikaratasi cha namba tena. Kwenye mgongo wa benchi palikuwa na leso imetandikwa, lakini haikukauka vizuri. Joto halikupenya sawasawa kwenye pamba, na karani alilalamika kwamba chai yake sasa inapoa. Mshono wa kwapani fundi alikuwa ameurudia kwa uzi wa nailoni, mara mbili.

Watu waliokuwa kwenye foleni walimpisha nyota kwa heshima. "Shikamoo, bibi," walisema mmoja mmoja walipopita, na mwanzoni hakujibu, kisha akawa anatikisa kichwa.

Mkadiriaji alisimama mbele yake na mkoba wake na mikono yake iliyochubuka. Alikuwa na kipimo cha tisini kwenye droo, nakala mbili, alichokiandika mwenyewe. Nyuma yake foleni ilikuwa inasogea.

"Shikamoo, bibi," akasema.

"Marahaba, mwanangu," nyota akajibu.